JAMAA NA MALEZI
Binti akisema: "Kazi yangu itakuwa dansi"

Juma lililopita wamama wawili wa chama chetu walituletea swali moja, ingawa kila mmoja alikuja kwa njia yake. Wa kwanza alisema: "Mwalimu, binti yangu yuko darasa la tano la sekondari, anataka kuacha masomo aingie katika kikundi cha dansi." Wa pili alisema: "Wangu ameona kwenye simu wanawake wanaocheza na viatu vyenye chuma. Tangu hapo anagonga sakafu asubuhi na jioni, na majirani wanalalamika. Je, hiyo ni kazi au ni mchezo?"

Hatutajibu kwa neno moja. Sisi walimu tunawaona mabinti wanaojificha nyuma ya darasa kufanya repetisyo, maana wanajua nyumbani watachapwa. Wengine huondoka na mtu asiyejulikana kwa sababu hakuna aliyekubali kuwasikiliza. Ndiyo sababu juma hili tunaeleza dansi hii ya viatu ni nini, imetoka wapi, wanawake walioifanya kazi walipita wapi, na mzazi wa kwetu afanye nini.

Dansi ambayo ni ngoma pia

Kwa Kifaransa wanaiita klaketi. Mchezaji anavaa viatu vyenye vipande viwili vya chuma chini, kimoja mbele penye vidole na kingine kwenye kisigino. Akigusa mbao kwa vidole, inatoka sauti moja; akigusa kwa kisigino, inatoka nyingine iliyo nzito zaidi. Anaweza kuburuta mguu, kuupiga mbele na nyuma, au kuruka na kushuka kwa mapigo manne yenye kasi. Kwa hiyo watu hawamtazami tu, wanamsikiliza pia. Yeye ni mchezaji na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Ndiyo maana walimu wa klaketi wanamwambia mwanafunzi afumbe macho asikie miguu yake: mguu ukichelewa kidogo, sauti inamshitaki hata kama mwili unapendeza.

Ilitoka wapi?

Hapa wengi wetu tutashangaa, kwa maana habari hii inapita karibu na mlango wetu. Mwezi wa tisa mwaka 1739, kule Carolina ya Kusini, wakati nchi ile ilikuwa bado chini ya Uingereza, watumwa waliasi karibu na mto Stono. Kiongozi wao aliitwa Jemmy. Waingereza waliandika kwamba watu wale walitoka Angola, lakini wanahistoria wanaeleza kwamba wengi wao yaonekana walitoka katika Ufalme wa Kongo, ambao watu wake walikuwa Wakatoliki tangu zamani na wengine walijua Kireno. Walitembea wakipiga ngoma na kuwaita wenzao wajiunge nao. Maasi yale yalizimwa kwa damu. Mwaka uliofuata, 1740, wakubwa wa koloni walitunga sheria kali juu ya watumwa, na kati ya mambo yaliyokatazwa kulikuwa kupiga ngoma.

Watu walionyang'anywa ngoma waliendelea kupiga kwa mikono kwenye mapaja na kifua, na kwa miguu juu ya mbao na ardhi. Baadaye mapigo hayo yalikutana na dansi za viatu vizito za watu wa Ireland na Uingereza, hasa katika mitaa ya maskini ya New York, ambapo Waafrika na Waireland waliishi pamoja. Miaka ya 1840 kijana mweusi William Henry Lane, aliyeitwa Master Juba, alikuwa maarufu huko na hata Uingereza. Klaketi ilizaliwa katika mchanganyiko ule. Kwa hiyo mama asimwambie binti yake kwamba amefuata mambo ya Wazungu tu. Sehemu ya mapigo yale iliondoka huku kwetu Afrika ikiwa imefungwa minyororo.

Wanawake waliosahauliwa

Tukitaja klaketi ya zamani, watu hutaja wanaume: Bill Robinson, aliyezaliwa tarehe 25 mwezi wa tano 1878 (siku hiyo ndiyo sikukuu ya klaketi Marekani tangu 1989), au ndugu wawili Nicholas. Wanastahili sifa. Lakini kulikuwa na wanawake, na habari zao zinafundisha zaidi juu ya kazi.

Dada wanne wa jamaa ya Whitman waliongoza kundi lao wenyewe tangu karibu mwaka 1900 hadi 1943. Alice alikuwa bingwa wa miguu. Mabel alikuwa bingwa wa kaye na hesabu: yeye alipanga safari, alitafuta mikataba, aliajiri vijana na kuwafundisha. Kundi lao lilikuwa kati ya yale yaliyolipwa vizuri kuliko yote katika majumba ya watu weusi. Tuliangalie jambo hili vizuri. Kundi lile lilidumu miaka zaidi ya arobaini kwa sababu ndani yake mmoja alijua kucheza na mwingine alijua kuongoza biashara.

Jeni LeGon, aliyezaliwa Chicago mwaka 1916, alicheza peke yake akivaa suruali, wakati wanawake wengi waliwekwa katika mstari wa nyuma. Mwaka 1935 alicheza pamoja na Bill Robinson katika filamu, na kampuni kubwa ya sinema ikampa mkataba wa muda mrefu. Kisha mkataba ule ukavunjwa. Baada ya hapo sinema zilimpa mara nyingi nafasi za mtumishi wa nyumbani. Mwishowe alihamia Vancouver, Kanada, akafundisha dansi huko miaka mingi, na akafa mwaka 2012. Kipaji hakikumpungukia. Wenye mlango ndio waliofunga, kwa sababu ya rangi yake. Aliishi kwa kufundisha.

Mama wa watoto wawili

Kwa wale wanaosema "nimeshazaa, nimechelewa", tuna habari ya Dianne Walker wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1951. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 27, ameolewa, na watoto wawili. Alikutana na mzee mmoja mchezaji wa klaketi, naye akamtuma kwa fundi Leon Collins. Dianne akawa mwanafunzi wake, kisha mwalimu katika shule yake. Collins alipokufa mwaka 1985, Dianne na wenzake waliiendeleza shule ile. Mwaka uleule alicheza Paris katika onyesho kubwa *Black and Blue*, na lilipofika Broadway mwaka 1989 alikuwa mchezaji na tena msaidizi wa watunga dansi. Leo wachezaji wakubwa wa klaketi, wanaume kwa wanawake, wanamheshimu kama mama yao wa kazi.

Ona hatua zake: alijifunza kwa wazee waliokuwa bado hai, alifundisha huku akiendelea kujifunza, na hakuacha watoto wake njiani. Ilikuwa miaka saba tangu alipokwenda kwa Collins hadi Paris.

Aliyeanza chuoni

Ayodele Casel alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1975, mama yake akiwa mtu wa Puerto Rico. Alipokuwa kijana alipenda filamu za zamani za klaketi, lakini somo lake la kwanza alilipata akiwa tayari chuo kikuu, ambako alijifunza uigizaji. Wengi wangesema amechelewa. Yeye alitafuta wenzake wanaojua kuliko yeye, akafanya mazoezi nao saa nyingi. Baadaye bingwa Savion Glover alimchukua katika kundi lake, akawa mwanamke pekee kati ya wanaume.

Hakusubiri kualikwa tu. Alitunga maonyesho yake mwenyewe, na ndani yake alitaja majina ya wanawake weusi wa klaketi waliosahauliwa. Mwaka 2021 picha yake iliwekwa kwenye stempu ya posta ya Marekani pamoja na wachezaji wengine wanne. Mwaka 2022 alitunga dansi za klaketi za *Funny Girl* huko Broadway. Tangu somo la kwanza mpaka hapo ilikuwa zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Mtungaji wa dansi anafanya nini?

Wengi wanajua mchezaji, hawajui mtungaji. Mtungaji ndiye anayesikiliza muziki na kuugawa kwa hesabu, anachagua hatua, anapanga nani asimame wapi na aondoke lini, kisha anawafundisha wachezaji mpaka wawe mwili mmoja. Mchezaji akizeeka magoti yanamwambia apunguze. Mtungaji anaweza kufanya kazi mpaka uzeeni, kwa maana kazi yake iko kichwani.

Lakini kazi ya kichwani ni rahisi kuibiwa. Hatua moja moja ni za wote, hakuna awezaye kusema kupiga kisigino ni mali yake. Lakini dansi nzima iliyotungwa, yenye mwanzo na mwisho, inaweza kuwa mali ya mtungaji wake. Marekani waliliandika hilo waziwazi katika sheria ya haki za watunzi ya mwaka 1976. Na hapa kwetu Kongo kuna sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986, nayo inalinda kazi za watunzi, hata za dansi, ikiwa zimewekwa katika maandishi au kwa njia nyingine. Kwa hiyo binti anayetunga dansi achukue kaye, aandike hesabu na mahali pa kila mchezaji, aweke tarehe na majina, na mtu apige video nzima. Bila hayo, kesho ataona dansi yake katika video ya msanii fulani na hatakuwa na neno la kusema.

Tupige hesabu

Waswahili walisema: mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli, kwetu mtu akicheza vizuri arusini tunambandika noti kwenye paji la uso na kushangilia. Lakini tuzo inategemea moyo wa mtoaji. Mshahara unategemea mapatano. Binti anayetaka dansi iwe kazi lazima ajue tofauti hiyo mapema.

Tuseme kikundi cha watu sita kinaalikwa kwenye sikukuu kwa dola 60. Ni dola 10 kwa kila mmoja, na mtoto anarudi nyumbani akifurahi. Lakini walifanya repetisyo siku nane, na nauli ya kwenda na kurudi ni dola moja kwa siku. Ongeza siku ya sikukuu yenyewe, ni dola tisa. Imebaki dola moja, na bado hatujahesabu mavazi, maji ya kunywa, wala kiongozi anayekata sehemu yake. Mtoto huyo amefanya kazi siku tisa kwa dola moja.

Hatusemi hivyo ili tumvunje moyo. Tunasema ili aketi na kalamu kabla ya kukubali. Angeweza kuomba nauli ilipwe mbali na malipo. Angeweza kutumia dansi ileile mahali patatu, hivi kwamba siku nane za mazoezi zigawanyike. Na angeweza, kama Jeni na Dianne, kufundisha. Watoto kumi wa mtaa wanaolipa kidogo kila mwezi ni feza inayoonekana kuliko sikukuu inayokuja mara moja. Wale tunaowaona wakiishi kwa dansi wana mikono mitatu: kucheza, kutunga na kufundisha. Mmoja ukikosa kazi, mingine inapika sombe.

Hapa kwetu

Hatuna haja ya kwenda Marekani ili kupata mfano. Tshala Muana, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1958, alianza kama mchezaji katika kundi la mwimbaji M'Pongo Love, kisha akaimba mwenyewe, na dansi ya mutuashi ya Kasai ikajulikana mbali kwa sababu yake. Alipokufa mwaka 2022, nchi nzima ilimlilia. Wengine wetu tunakumbuka namna wazee walivyomsema vibaya kwa ajili ya kiuno chake, na baadaye wazee walewale wakamwita mama wa utamaduni.

Tena kuna Faustin Linyekula, mtunga dansi aliyeanzisha Studios Kabako mwaka 2001 Kinshasa, kisha akaipeleka Kisangani. Angeweza kubaki Ulaya ambako kazi zake zinaonyeshwa. Alichagua vijana wa Kisangani wapate mahali pa kujifunza.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, masomo yasiachwe. Yule binti wa darasa la tano amebakiza muda mfupi apate diploma ya serikali. Ayodele alikuwa chuoni alipoanza, na elimu haikumzuia kitu. Mtu asiyejua kusoma mkataba atasomewa na yule anayemdanganya. Tunamshauri mama huyo afanye mapatano na mtoto: saa za dansi ziwekwe, alama za shule ziangaliwe kila mwisho wa kipindi, na mapatano yaheshimiwe na pande zote mbili. Mzazi akisema "Jumamosi utacheza", Jumamosi isigeuke kuwa siku ya kufua nguo za nyumba nzima.

Pili, mzazi aende mwenyewe kuona mahali pa repetisyo. Aulize: kiongozi ni nani? Saa ngapi wanamaliza? Kuna wamama wengine? Tuseme wazi, kwa sababu kunyamaza kumewaumiza mabinti wetu: kuna viongozi wanaodai mwili wa binti kabla ya kumpa nafasi mbele. Jambo hilo si sehemu ya dansi, ni uovu, na binti ajue kwamba akija kutuambia hatachapwa. Mtoto anayeogopa mama yake kuliko anavyomwogopa kiongozi wa kundi ameshapotea nusu.

Tatu, aliye chini ya miaka 18 asisaini kitu peke yake. Na safari ya mbali, hasa ya kuvuka mpaka, isikubaliwe kwa ahadi ya mdomo. Tunataka karatasi, jina kamili la anayealika, mahali pa kulala, na nani anashika pasipoti. Pasipoti inashikwa na mwenyewe.

Nne, kwa dada walioolewa. Tangu sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliyorekebisha kitabu cha sheria za jamaa, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili aingie katika mkataba. Sheria inataka mume na mke wapatane, kila mmoja kwa mwenzake. Basi bwana naye, akitaka kusaini kazi ya mbali, aketi kwanza na mama watoto.

Tano, linda mwili. Klaketi juu ya saruji huharibu magoti na mifupa ya miguu. Anayeanza anahitaji ubao mpana tu, uliowekwa juu ya kipande cha zulia au mpira ili ujikunje kidogo na majirani walale. Viatu vya soli ngumu vinatosha mwanzoni. Hata huko New Orleans watoto wa mitaani hubandika vifuniko vya chupa chini ya viatu vyao na kucheza. Dakika 30 kila siku ni bora kuliko saa nne siku moja ya juma. Na kwa yule mama wa majirani: ubao, zulia, na saa moja iliyopatanwa, si alfajiri.

Likelemba ya dansi

Chama chetu kina likelemba ya kununua unga na kulipa minervale. Tunapendekeza kwa mkutano ujao tufikirie mfuko mdogo wa namna hiyo kwa mabinti wenye vipaji: ubao mmoja mkubwa wa pamoja, ukumbi wetu siku moja kwa juma ambapo mama mmoja anaketi mlangoni, na mmoja wetu anayejua hesabu awafundishe kuandika kaye ya mapato na matumizi. Tunawatafutia kina Alice; tuwatafute na kina Mabel.

Maswali ya kuzungumza nyumbani juma hili, baba akiwepo:

1. Katika jamaa yetu, nani alikuwa na kipaji kikazimwa? Kilizimwa na nini?
2. Tukimwalika mchezaji kwenye sikukuu yetu, je, tunamlipa au tunamtuza tu?
3. Binti yetu akipatwa na jambo baya huko kwenye kundi, tunaamini atakuja kwetu kwanza? Kwa nini?

Wale wamama wawili wamekubali mabinti wao waje kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi waonyeshe wanachojua. Waje na ubao. Nasi tuje na feza kidogo iliyopatanwa mapema, ili malipo yao ya kwanza yatoke mikononi mwa mama zao.